ULIZA SHANGAZI: Kwetu hamna aliyewahi kusoma masta, nimuulize nani?

Meseji nyingi zilizoingia safari hii ni za masomo, na sio masomo ya watoto, ni watu wazima wenye kazi na familia wanaotaka kurudi darasani kuchukua masta au PhD na kwao hawana hata mmoja wa kumuuliza. Nimechagua nne, tatu za huku kwetu Kigoma na moja ya jirani zetu wa Tabora. Ya kwanza nimeijibu kirefu mana najua wenye swali kama hilo ni wengi na hawasemi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasulu, nina miaka 41, mume na watoto watatu. Nimepata admisheni ya masta ya elimu chuo kimoja Dar. Shida yangu kwetu mimi ndo wa kwanza hata kuwa na digrii, baba analima mihogo na mama hakusoma kabisa, sina wa kumuuliza chochote. Naogopa kukaa darasa moja na vijana wa miaka 24 wanaojua kompyuta kuliko mimi, naogopa watagundua sijui kitu. Ndugu nao washaanza kusema mwalimu anaenda kula hela Dar. Niende au niache? (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Marahaba mwalimu. Nenda. Nimeanza na jibu ili usisome yote haya roho ikiwa juu, sasa tuongee vizuri.

Hiyo hofu ya kwamba watagundua hujui kitu, ujue kwanza inatoka wapi. Huko masta kuna mambo mengi hayajaandikwa popote, hayapo kwenye prospekta wala kwenye barua ya admisheni, na mwenye baba au dada aliyepita chuo anayajua kabla hajaripoti. Anajua supavaiza, yaani msimamizi wa utafiti wako, anatafutwa mapema, anajua asaimenti ya masta haitaki umwage notsi ulizokariri, anajua jambo gani unagonga mlango wa ofisi na jambo gani unatuma imeili. Wewe utafika hujui halafu utadhani umepungukiwa akili, na hapo ndo wengi wetu tunapoumia. Ni kama mtu kashuka Kibirizi kununua dagaa hajui bei ya jana, na pembeni yake kuna mwenye shemeji mvuvi, hela wanazo sawa na macho wanayo sawa ila mmoja kashaambiwa. Basi. Dawa yake ni kuuliza, na kuuliza mapema, kwa sauti, bila kujishusha.

Na wala sio sisi watoto wa wakulima peke yetu tunaohitaji kuambiwa. Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe hapo, alifika huku 1960 akiwa na miaka 26 hana digrii hata moja, kasomea ukatibu tu, na 1962 akaingia Cambridge kusoma PhD moja kwa moja bila shahada ya kwanza, kitu ambacho waliowahi kuruhusiwa ni wachache mno. Alipofika wasomi wa pale wakamwambia amekosea kuwapa sokwe majina, ilitakiwa awape namba. Yeye alikuwa kashakaa porini, kashamuona yule sokwe aliyempa jina David Greybeard anachomeka nyasi kwenye kichuguu anatoa mchwa anakula, na wale waliokuwa wanamkosoa hawajaona kitu. Akashikilia alichokiona na PhD akaipata. Ila kuna sehemu ya hii habari watu huwa wanairuka: nyuma yake alikuwepo Louis Leakey, mtafiti mkubwa, ndo aliyemtafutia hela ya kuja Gombe na ndo aliyemfungulia njia ya Cambridge. Ujasiri alikuwa nao mwenyewe, lakini njia alionyeshwa na mtu. Kwa hiyo mwalimu wiki ya kwanza kabla hujanunua hata daftari tafuta mtu wa kukuonyesha njia, na mara nyingi hatokuwa profesa, atakuwa kijana wa mwaka wa pili wa hiyo hiyo masta yako. Mnunulie chai mwambie akuonyeshe asaimenti aliyopata A na proposo (lile andiko la kuombea utafiti) iliyokubaliwa, na muulize supavaiza gani anasoma kazi za wanafunzi na yupi anakaa nazo. Hayo hayapo kwenye tovuti ya chuo.

Kabla hujapanda basi lakini, kuna la ruhusa. Wewe ni mtumishi wa umma, usiondoke kwa maneno ya mdomo hata kama mkuu wa shule ni rafiki yako na kasema nenda tu tutaelewana. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mkuu wa shule, ambatanisha barua ya admisheni, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usisafiri mpaka umeshika majibu ya maandishi, mana humo ndo inaonekana umeruhusiwa kuanzia lini mpaka lini na mshahara wako unakuwaje. Kuna watu walisoma wakafaulu wakarudi wakakuta wanahesabika watoro, kesi yake inakula muda na machozi. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa.

Ukifika darasani, hao vijana. Kompyuta kweli watakuzidi wiki za mwanzo, sema hiyo ni kazi ya mwezi tu. Jifunze vitu vitatu vya lazima: kuandika kwenye Word kwa kutumia mitindo ya vichwa vya habari (Styles) ili orodha ya yaliyomo ijipange yenyewe, kutafuta makala kwenye Google Scholar, na kutunza marejeo kwa programu ya Zotero ambayo ni ya bure na inakupangia orodha yote ya marejeo usiku ule wa mwisho wenzako wanalia. Makala zinazouzwa usinunue, pita kwanza maktaba ya chuo uulize wamelipia wapi, na JSTOR, maktaba ya makala ya mtandaoni, ukifungua akaunti ya bure unasoma makala mpaka mia moja kwa mwezi. Halafu ujue vyuo vingi vinapitisha kazi kwenye programu kama Turnitin inayoonyesha umenakili wapi, kwa hiyo ule mtindo wa kuchukua aya ya mtu unabadilisha maneno mawili uuache huku huku.

Kusoma kwenyewe kunabadilika, na hapa hamna anayekuambia. Digrii ya kwanza ulisoma ili ujibu swali la mwalimu, masta unasoma ili uone waandishi wanabishana wapi na wewe unakaa upande gani na kwa sababu gani. Utapewa makala ishirini kwa wiki na hamna binadamu anazisoma zote neno kwa neno, wenzako wenye ndugu chuoni wameshaambiwa hivo. Soma muhtasari, soma utangulizi, ruka nenda hitimisho, kisha jiulize huyu anadai nini, kapata wapi ushahidi, na nani hakubaliani nae. Andika mistari mitatu minne. Zile mbili tatu zinazogusa mada yako ndo ukae nazo usiku kucha.

Na sasa nakuja kwenye mali yako mwalimu. Wewe umesimama darasani Kasulu miaka yote hiyo. Umeona mtoto anaongea Kiha nyumbani, kafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu kidato cha kwanza anakutana na baiolojia kwa Kiingereza na anakutazama tu. Vijana wa miaka 24 watakaa wanatafuta mada ya utafiti mpaka wanakonda na wewe unayo tayari kichwani. Wakati wa semina usianze na "samahani mi sijui sana", anza na "kwenye darasa langu nimeona hivi, na hii nadharia tuliyosoma inasema vingine", hapo hata profesa anaweka kalamu chini anasikiliza. Ila angalia, uzoefu peke yake hautoshi, hawatakupa masta kwa sababu umeteseka sana na chaki. Lazima uufunge na ushahidi, nani kaandika kuhusu hilo, umekusanyaje data, ungeweza kuwa umekosea wapi. Na data ukija kukusanyia huku nyumbani usidhani utaingia tu shuleni kwa sababu unajulikana, utahitaji barua ya utafiti toka chuo, upite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke wilayani, ndo ufike shuleni. Anza mapema, barua zinatembea taratibu.

La ndugu. Sitakuambia uwapuuze, ndugu zetu ndo waliouza mihogo tukasoma. Waite kabla hujaondoka, baba, mama na mmoja wa wanaosema sana, waeleze ada ni kiasi gani na inatoka wapi, utakuwa huko muda gani, na kipindi hicho michango ya harusi na misiba utaweza kiasi gani, taja kiasi kabisa. Ukinyamaza kila mmoja atajijazia anavyotaka. Na mume wako asiwe msikilizaji kwenye kikao hicho, awe upande wako wa meza, mpange kabla nani anabaki na watoto na nani anamsaidia.

Kwa wenye swali kama la mwalimu ila hawawezi kuondoka nyumbani, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama nyie na kina vituo mikoani, Kigoma na Tabora vipo. Unasoma huku unafanya kazi. Ni njia ngumu kwa namna yake mana hamna wa kukuamsha, lakini ni njia kamili.

SWALI: Mambo shangazi, mi kijana wa Urambo, mzee analima tumbaku. Nimemaliza digrii ya kemia na GPA nzuri tu. Kuna jamaa anasema anaunganisha watu PhD Marekani, anataka laki nane za kuanzia, anasema bila masta siwezi ila yeye ana njia. Nimuamini? (Kijana wa Urambo)

JIBU: Poa mwanangu. Laki nane ya tumbaku ya mzee wako usimpe huyo mtu. Anachokuuzia ni taarifa zilizopo bure na nakupa hapa hapa.

Kwanza, Marekani programu nyingi za PhD, hasa za sayansi, zinapokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu, masta sio lazima, na zinachukua kama miaka mitano au sita. Pili, kwenye sayansi ni kawaida chuo kukusamehe ada na kukupa posho ya kuishi kwa kukufanya msaidizi wa kufundisha au wa utafiti. Kwa hiyo ukipokelewa PhD ya kemia halafu wanakutaka wewe ulipe ada yote, jiulize mara mbili. Nafasi unaomba mwenyewe kwenye tovuti ya idara, wengi wanafunga mwezi wa 12 kwa masomo yanayoanza mwezi wa 8 mwaka unaofuata, kwa hiyo maandalizi yako yaanze mwezi wa sita.

Fanya hivi. Chagua vyuo vichache, ingia ukurasa wa maprofesa mmoja mmoja, soma kazi yake ya karibuni hata moja kwa utulivu, kisha mwandikie imeili fupi: wewe nani, umesoma nini, kazi yake ipi umeisoma na swali gani limekujia, na kama anategemea kuchukua mwanafunzi mwaka ujao. Usimwandikie "dear sir I need scholarship", hiyo anazifuta kila siku. Wengine hawatajibu, ni kawaida, haina maana wewe ni mjinga. Ada ya maombi huwa ni makumi ya dola na wengine inapita mia, hiyo nayo andikia ofisi ya masomo ya juu uombe msamaha wa ada, vyuo vingi wanao utaratibu huo ila hawamsamehi asiyeomba. Mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya juu Marekani, programu nyingi zimeuacha, soma ukurasa wa idara usilipie bure. Kiingereza nako wapo wanaosamehe ukithibitisha chuo chako kilifundisha kwa Kiingereza.

Barua za mapendekezo kwa kawaida zinatakiwa tatu na mwalimu anazipandisha mwenyewe kwenye mfumo, wewe huzioni. Walimu wako wa chuo uwaendee miezi miwili kabla, uwape matokeo yako, rasimu ya maelezo yako binafsi na tarehe za mwisho, halafu wakumbushe kwa heshima, bando zinaisha na watu wana majukumu.

Ukipata ofa usitishwe kujibu ndani ya siku tatu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwenye ofa ya kugharamiwa ana mpaka tarehe 15 Aprili kuamua. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350 unayolipa kabla ya viza, na kuna nauli, hizo ndo hela za kuanza kuweka akiba, laki nane yako inaingia hapo. Na ukija kuwa na mke, ujue viza ya mwenza wa mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi kule, mliongee kabla.

Utakutana pia na programu ya kuandaa wanafunzi kwa PhD inaitwa McNair, ina jina la Ronald McNair, mwanaanga aliyetoka familia ya hali ya chini akapata PhD ya fizikia MIT mwaka 1976 na akafa kwenye ajali ya Challenger 1986. Ni nzuri mno na imewekwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa hali ya chini ambao wazazi hawana digrii, ila inachukua raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu, usipoteze wiki kuijaza. Hizo taarifa zake za jinsi ya kuandika maombi lakini ziko wazi, zisome.

SWALI: Shangazi mi muuguzi hapa Kigoma mjini, nipo mwaka wa pili wa masta. Supavaiza wangu nimemtumia sura ya kwanza mpaka ya tatu ana miezi mitatu hajanijibu, nikipiga hapokei. Kwetu tumefundishwa mkubwa hasumbuliwi. Nimechoka nataka kuacha. (Muuguzi)

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Usiache, umeshapita sehemu ngumu.

Hayo malezi yetu ya kutomsumbua mkubwa nayapenda na nimelelewa hivo hivo, ila supavaiza ana wajibu na wewe na kumkumbusha sio utovu wa adabu, ni sehemu ya kazi yenu wote wawili. Acha kupiga simu. Mtumie imeili yenye kichwa cha habari kinachoeleweka, jina lako, sura ya ngapi, unaomba nini, na umuulize maswali mawili tu anayoweza kujibu akiwa kwenye foleni ya benki. "Naomba maoni" ni ombi kubwa mno, mtu analiahirisha. "Je sampuli ya wagonjwa nilivyoichagua ukurasa wa 31 inakubalika, au nipanue" hilo anajibu. Kisha kila mwisho wa mwezi mtumie ukurasa mmoja: nimefanya hiki, nimekwama hapa, mwezi ujao nitafanya kile, hata kama hajajibu wa mwezi uliopita. Zitunze zote. Nilikuwa na msimamizi mmoja wa namna hiyo, chuo sikitaji, na zile kurasa za kila mwezi ndo zilizonitetea nilipoulizwa kwa nini nimechelewa.

Wiki mbili zikipita kimya nenda kwa mratibu wa masomo ya juu wa idara, ana kwa ana kama unaweza kusafiri, usiende kushitaki, nenda useme "naomba ushauri, nimetuma tarehe hizi, muda wangu unaisha tarehe fulani, naweza kuongezewa msimamizi wa pili?" Msimamizi wa pili ni kitu cha kawaida kabisa na hakimwaibishi wa kwanza.

Na kwa kuwa utafiti wako ni wa wagonjwa hakikisha kibali cha maadili unacho mkononi na hakijaisha muda, usikusanye hata fomu moja bila hicho, mana data ya bila kibali inatupwa yote na hapo hata mimi ntakosa la kukuambia. Wakati unasubiri ipitie tena sura ya mbinu uiweke vizuri, hiyo haihitaji mtu.

SWALI: Shangazi shikamoo, mi fundi seremala Buhigwe, nina cheti tu. Mke wangu ni afisa maendeleo na kapata nafasi ya masta Morogoro. Wenzangu wananicheka wanasema akirudi hatanijua. Na yeye ana GPA ya 2.5 digrii ya kwanza, wamempa nafasi kwa kupitia diploma ya uzamili kwanza, hiyo ni halali au anaibiwa? (Fundi)

JIBU: Marahaba fundi. La GPA kwanza. Ni halali. Vyuo vingi vinataka 2.7 na kuendelea kwa masta, aliye chini ya hapo anapitishwa diploma ya uzamili ya kama mwaka mmoja, akifaulu vizuri anaendelea. Ila mwambie aombe kwa maandishi matokeo gani ya hiyo diploma yatamvusha, na muangalie wote wawili kama chuo na programu hiyo vinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, orodha ipo kwenye tovuti yao.

La wenzako. Umeniandikia kuuliza kama mke wako anaibiwa, kwa hiyo najua upo upande wake, na hao wanaocheka hawajui mlichojenga. Anachokihitaji kwako ni vitu vya kawaida sana: saa mbili za jioni ambazo hamna anayemuita akiwa anasoma hata akiwa likizo nyumbani, mtu wa kuongea nae kwenye simu siku ambayo karudishiwa kazi ina wino mwekundu ukurasa mzima, na watoto wasisikie toka kwako kwamba mama kawaacha. Muulize anasoma nini, akueleze kwa Kiswahili cha kawaida, mana akishindwa kukueleza wewe atashindwa na kwenye utetezi wa proposo yake, na walio wengi huwa wanagundua mada yao imekaa vibaya siku wanayomueleza mtu wa nyumbani. Na hiyo meza ya kusomea mtengenezee wewe, yenye droo ya kufunga, karatasi za data zinapotea sana.